Shajara ya mradi: kuchagua wakati uzito wa vigezo haujulikani

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo tumeanza rasmi. Kazi ni kuandika programu ndogo ya kusaidia timu kuchagua kwa kutumia vigezo vingi, huku ikikiri wazi kwamba hakuna anayejua kwa uhakika kigezo kipi kina uzito kiasi gani. Mfano wa kujaribia ni chanzo cha umeme kwa zahanati yenye friji ya chanjo. Friji hiyo inatakiwa ibaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, usiku na mchana. Kwa mtu anayekaa na funguo zake, hili si zoezi la darasani.

Tuko watatu: mimi wa programu, fundi wa umeme, na muuguzi ambaye sote tunamwita Sista. Machaguo ni matatu: jenereta ya dizeli, paneli za jua zenye betri, na mseto wa vyote viwili. Vigezo navyo ni vitatu: gharama kwa miaka yote ya matumizi, kutokatika kwa umeme, na muda wa kusimika mitambo. Jedwali nimelitunga mwenyewe kwa ajili ya majaribio. 0 ni hali mbaya kuliko zote katika kigezo husika, 1 ni nzuri kuliko zote.

Jenereta: gharama 0, kutokatika 0.7, muda 1.
Paneli: gharama 1, kutokatika 0, muda 0.5.
Mseto: gharama 0.6, kutokatika 1, muda 0.

Alama ya chaguo ni jumla ya kila thamani ikizidishwa na uzito wa kigezo chake, na uzito wote ukijumlishwa unatoa 1. Nimeanza kwa kuvipa vigezo uzito sawa, theluthi kwa kila kimoja. Jenereta imepata 0.567, mseto 0.533, paneli 0.500. Zimebanana, na ndivyo nilivyotaka. Jedwali ambalo chaguo moja linashinda kwa kila namna halifundishi chochote kuhusu uzito.

Wiki ya 1, Alhamisi

Nimeanza na njia ambayo kila mtu huanza nayo: AHP (Analytic Hierarchy Process), iliyobuniwa na Thomas Saaty miaka ya 1970. Unalinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, kisha hesabu inakutolea uzito. Ina pia kipimo cha kukagua kama majibu yanapatana yenyewe kwa yenyewe, kikizidi 0.10 unashauriwa kurudia maswali.

Sista alijibu hivi: kutokatika ni mara 3 ya gharama, gharama ni mara 3 ya muda, na kutokatika ni mara 2 ya muda. Kipimo cha upatanifu kikatoka 0.22. Nikarudi kwake.

"Sista, ukisema kutokatika ni mara tatu ya gharama, na gharama mara tatu ya muda, basi kutokatika kungekuwa mara tisa ya muda. Wewe umesema mara mbili."

"Mwanangu, mimi ninachojua ni friji isizime. Hizo mara ngapi mara ngapi unanitajisha wewe."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu naona ndiyo mzizi wa mradi huu. Tuliendelea tukafika kwenye kutokatika mara 2 ya gharama, gharama mara 3 ya muda, na kutokatika mara 5 ya muda, kipimo kikashuka hadi 0.003, na uzito ukatoka: kutokatika 0.5815, gharama 0.3090, muda 0.1095. Mseto sasa unaongoza kwa 0.767, jenereta 0.517, paneli 0.364. Fundi akaangalia skrini, akauliza hiyo 0.5815 imepatikana wapi. Nikamwonyesha hesabu. Akasema hesabu anaielewa. Anachouliza ni nani aliyeisema.

Hakuna aliyeisema. Tumekusanya majibu matatu ya kukisia tukapata tarakimu nne za desimali. Na kipimo cha upatanifu hakituokoi hapa, maana kinapima kama mtu anajipinga, si kama anajua. Mtu anaweza kupatana na nafsi yake kabisa kuhusu jambo asilolijua.

Wiki ya 2, Jumatatu

Nimejaribu kukwepa watu. Zipo njia zinazotoa uzito kwenye data yenyewe, na inayotumika sana ni ya entropi, inayotokana na nadharia ya habari ya Claude Shannon ya 1948. Wazo lake: kigezo ambacho machaguo yote yanafanana hakisaidii kuchagua, kwa hiyo kipewe uzito mdogo, kinachoyatofautisha sana kipewe mkubwa.

Kwa jedwali letu entropi imetoa gharama 0.331, kutokatika 0.319, muda 0.350. Yaani kasi ya kusimika ndiyo muhimu kuliko yote, na kutokatika kwa umeme wa friji ya chanjo ndicho kigezo cha mwisho. Jenereta inashinda tena.

Sina ugomvi na hesabu. Ugomvi wangu ni kuiita uzito wa umuhimu. Entropi inaeleza namna namba zilivyotawanyika ndani ya safu, basi. Kama machaguo yangekuwa matatu yenye kutokatika kunakolingana, safu hiyo ingepewa sifuri, lakini Sista angeendelea kulala na simu mkononi umeme ukikatika. Njia hii nimeiacha kwenye programu kama taarifa ya pembeni, na nimeondoa kitufe kilichoipeleka moja kwa moja kwenye matokeo.

Wiki ya 2, Jumatano

Fupi leo. Nimepitia njia ya bora na mbaya ya Jafar Rezaei, ya 2015. Unataja kigezo bora kuliko vyote na cha chini kuliko vyote, kisha unalinganisha vilivyobaki na hivyo viwili tu. Ikiwa n ni idadi ya vigezo, ulinganisho unakuwa 2n − 3 badala ya n(n − 1)/2 wa AHP. Kwa vigezo 9 ni maswali 15 badala ya 36, nafuu kubwa kwa mtu aliyechoka. Kwa vigezo 3 ni 3 kwa 3, hakuna tofauti. Naiweka akiba.

Wiki ya 2, Ijumaa

Leo nimekaa na jambo moja tangu asubuhi, na nadhani ni muhimu kuliko yote niliyoandika mpaka sasa.

Thamani za muda kwenye jedwali zimetokana na siku: jenereta siku 10, paneli siku 35, mseto siku 60. Siku 10 ni 1, siku 60 ni 0, na 35 ikiwa katikati ni 0.5. Fundi akaniambia kuna namna ya kusimika mseto kwa siku 40. Nikabadilisha namba, nikaipa programu ipange upya kipimo: sasa 10 ni 1, 40 ni 0, na paneli za siku 35 zimeshuka hadi 0.167. Uzito nikauacha sawa kwa sawa, theluthi moja moja.

Jenereta 0.567. Mseto 0.533. Paneli 0.389.

Angalia vizuri. Mseto umepunguziwa siku 20 na haukupanda hata chembe. Jenereta haikuguswa na bado inaongoza kwa tofauti ileile. Paneli, ambazo hakuna aliyezigusa, zimeporomoka. Nilikagua msimbo mara tatu nikitafuta kosa. Msimbo ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye fikra zangu. Nilikuwa nauchukulia uzito kama sifa ya neno "muda", kumbe uzito unahusu mruko kutoka hali mbaya kabisa hadi nzuri kabisa iliyopo mezani. Mruko wa awali ulikuwa wa siku 50. Sasa ni wa siku 30. Uzito wa muda ulipaswa kupungua uwe 0.6 ya ulivyokuwa, kisha wote ugawanywe upya ili jumla irudi 1: gharama 0.385, kutokatika 0.385, muda 0.231.

Kwa uzito huo mseto unapata 0.615, jenereta 0.500, paneli 0.423. Sasa mseto umefaidika na siku zilizopunguzwa, kama akili inavyotarajia.

Kwa hiyo swali la "Je, muda ni muhimu kiasi gani?" halina jibu. Muda upi, kutoka wapi hadi wapi? Wataalamu wa uchambuzi wa maamuzi Ralph Keeney na Howard Raiffa walilieleza hili tangu 1976, na bado hojaji nyingi ninazokutana nazo zinamwomba mtu agawe alama 100 kwa majina ya vigezo bila kumwonyesha namba hata moja. Majibu ya namna hiyo ni vigumu kuyatumia hata ukiyapata kutoka kwa watu elfu. Tena ukikigawa kigezo kimoja viwili, kwa mfano gharama ya kununua na gharama ya kuendesha, watu huishia kuvipa kwa pamoja uzito zaidi ya walioupa kikiwa kimoja.

Nimerudisha siku 60 kwenye jedwali ili niendelee na mfano uleule. Ila skrini ya maswali nimeifuta yote. Itaandikwa upya kwa miruko.

Wiki ya 3, Jumanne

Leo nimegeuza swali. Badala ya kuuliza "uzito ni upi, na nani anashinda?", nauliza "ni uzito wa namna gani unaompa kila mmoja ushindi?" Njia hii inaitwa SMAA (Stochastic Multiobjective Acceptability Analysis), Risto Lahdelma, Joonas Hokkanen na Pekka Salminen waliichapisha 1998. Unachota uzito kwa nasibu mara nyingi, kila mara unaangalia nani wa kwanza, nani wa mwisho, na mwishoni unahesabu sehemu ya kila mmoja.

Kwa vigezo vitatu, uzito wote unaowezekana unatosha kuchorwa kama pembetatu. Kila kona ni kigezo kimoja kilichochukua uzito wote. Katikati ndipo uzito sawa kwa sawa. Nilichota mara 10,000, nikachora nukta. Nikaona nukta zimejazana katikati na kona ziko tupu.

Kosa langu: nilichota namba tatu kati ya 0 na 1 kisha nikagawa kila moja kwa jumla yao. Inaonekana ni haki, lakini si haki. Nimeikokotoa: msongamano wa nukta katikati unakuwa mara 27 ya ule wa konani. Yaani bila kukusudia nilikuwa naiambia programu kwamba vigezo karibu vinalingana, halafu naita hilo kutojua. Dawa yake ni nyepesi. Chota namba mbili tu, zipange kwenye mstari kutoka 0 hadi 1, na urefu wa vipande vitatu vinavyopatikana ndio uzito. Nukta zikatawanyika sawasawa hadi pembeni.

Kwa kuwa ni pembetatu tu, niliweza pia kupiga hesabu ya eneo kwa penseli na kuilinganisha na programu. Jenereta ya kwanza katika asilimia 39.1 ya eneo, mseto 31.3, paneli 29.6. Wa mwisho: paneli 38.0, mseto 31.8, jenereta 30.2. Programu ikakaa ndani ya asilimia moja kwa kila namba, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa sampuli 10,000, ambapo kosa la kawaida ni kama nusu ya asilimia.

Nukta ambapo machaguo yote matatu yanalingana iko karibu sana na katikati: gharama 0.374, kutokatika 0.308, muda 0.317. Ndiyo maana uzito sawa ulitupa alama zilizobanana, na ndiyo maana kosa langu la kuchota lingeharibu kila kitu: lilikuwa linarundika nukta palepale ambapo uamuzi unayumba.

Maana ya matokeo haya ni kwamba jedwali peke yake halisemi lolote. Hatuna msingi wa kupendekeza chochote bila Sista kutuambia kitu. Hili naliona ni jibu halali, na programu sasa inaliandika waziwazi badala ya kumtangaza mshindi wa asilimia 39.

Wiki ya 3, Ijumaa

Nilikwenda kwa Sista na swali moja la miruko.

"Sista, chukulia kuna mtambo mbovu kwa kila kitu. Gharama zake ni za juu kuliko zote tulizonazo, umeme wake unakatika kuliko wote, na kuusimika ni siku 60. Unaruhusiwa kurekebisha kitu kimoja tu kifikie kiwango kizuri kuliko vyote. Unaanza na kipi?"

"Kukatika," akasema kabla sijamaliza kupumua.

"Na cha pili?"

Hapo alifikiri. Akaangalia siku 10 na siku 60, akaangalia karatasi ya gharama. "Gharama. Siku hamsini nitavumilia, chanjo zitakaa kituo cha jirani. Pesa za dizeli kila mwezi ndizo zitakazotushinda."

Hakutaja namba yoyote, na hakusita tena. Mpangilio basi: kutokatika kwanza, gharama ya pili, muda wa mwisho.

Kwenye programu hili ni mstari mmoja: panga uzito uliochotwa kutoka mkubwa hadi mdogo, mkubwa upe kutokatika, wa kati upe gharama, mdogo upe muda. Kwenye pembetatu tunabaki na moja ya sita ya eneo, pembetatu ndogo yenye kona kwenye kutokatika pekee, kwenye nusu kwa nusu ya kutokatika na gharama, na kwenye katikati.

Mseto wa kwanza katika asilimia 99.3 ya eneo hilo. Paneli: sifuri kamili, haziupiti mseto popote humo. Jenereta: asilimia 0.7, yote kwenye kipembe cha katikati ambako vigezo vyote vitatu karibu vinalingana.

Nilikaa nikiitazama. Kutoka 31.3 hadi 99.3 kwa sentensi mbili za mtu anayeijua kazi yake. Kitovu cha pembetatu hiyo ndogo ni kutokatika 0.611, gharama 0.278, muda 0.111, si mbali na ule uzito wa AHP tuliosumbukia wiki ya kwanza. Tofauti ni kwamba sasa najua mpangilio pekee ndio uliobeba uamuzi. Tarakimu zilizofuata hazikubeba kitu, na Sista hakulazimika kusema asichokijua.

Wiki ya 4, Jumatano

Fundi hajaridhika, na ana haki. Uzito tumeuachia uelee, lakini 0.7 ya jenereta tumeipigilia misumari. "Mafuta yakichelewa wiki moja, hiyo 0.7 yako haipo," akasema. "Na ukiweka tangi kubwa inapanda." Tukakubaliana iwe kati ya 0.5 na 0.9.

Kwa mpangilio wa Sista, ikiwa 0.6 au chini, jenereta haishindi popote. Ikifika 0.9, inashinda katika asilimia 11.1 ya eneo, na mseto unabaki na 88.9. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa mseto ndani ya kiwango alichotoa fundi mwenyewe.

Mwenzangu mmoja alipendekeza tutumie namba zenye ukungu, zinazotokana na seti za Lotfi Zadeh za 1965: badala ya 0.7 unaandika chini 0.5, kati 0.7, juu 0.9. Kwa kuandika maarifa ya fundi, zinafaa sana. Ninachokataa ni hatua ya mwisho inayofuata katika kazi nyingi, ya kuubana ukungu wote kuwa namba moja kabla ya kupanga machaguo. Mashaka yote uliyoyatunza kwa uangalifu yanatoweka kwenye mstari wa mwisho, na msomaji hayaoni.

Wiki ya 4, Ijumaa

Ripoti imekwenda. Safu ya uzito yenye 0.5815 nimeitoa. Mahali pake kuna pembetatu yenye rangi tatu, na ndani yake mstari unaozungushia eneo la Sista, pamoja na kile kipembe cha jenereta. Chini yake nimeandika uamuzi ungebadilika kwa hali gani: ikiwa mtu ataona gharama, kutokatika na muda vina uzito unaokaribiana sana, hasa kama jenereta itafikia 0.9 kwa kutokatika. Sista ameisoma. Ameweka kidole kwenye kipembe na kuuliza kama hapo ndipo panaposema muda ni sawa na chanjo. Nikamwambia ndiyo, karibu. Akatikisa kichwa, akasaini.

Wiki ijayo tunaongeza kigezo cha nne, kelele na moshi. Pembetatu haitatosha tena, na penseli itabidi niiweke chini. Kuanzia hapo nategemea sampuli. Kabla ya hapo nitarudi kumuuliza Sista mpangilio mpya, nikiwa nimebeba namba za hali mbaya na hali nzuri za vigezo vyote vinne.